Vanishi Chini ya Kibubu

Wiki ya mwisho ya mwaka karakana yetu hugeuka benki, tena benki isiyo na staha. Wote walionunua vibubu kwa mume wangu mwezi wa kwanza huja navyo kwapani, wamevifunika kwa khanga au gazeti, wanataka wafunguliwe taratibu ili mbao zisiharibike wavitumie tena mwakani. Vibubu vya mume wangu havina mlango wala kufuli. Ni sanduku la mbao lenye mwanya mmoja juu, gundi na misumari pande zote, na hela ukishaitumbukiza umeiaga mpaka fundi aje na patasi.

Hapo ndipo utawajua watu. Yupo anayehesabu, anarudia kuhesabu, kisha anamwangalia fundi kwa jicho baya, utadhani mbao ndizo zilizokula. Yupo mama mmoja aliyekuta vifungo vya shati vimejaa nusu ya sanduku. Alikifunga kibubu chake kwenye khanga akaondoka bila kuaga, na nyumbani kwake siku hiyo sijui palilalika vipi. Miaka yote nilikuwa nawacheka watu hawa. Mwaka huu sikucheka.

Mimi kazi yangu ni msasa na vanishi. Mafundi wote wa mtaa wetu wa karakana huniletea viti na makabati niyalainishe na kuyang'arisha, na kila mmoja ananilipa changu mkononi, mume wangu akiwemo. Wananiita Mama Vanishi. Yeye wanamwita Fundi Kesho, na sababu haihitaji kuelezwa: muulize kitanda chako kimefikia wapi, atakujibu kwa tabasamu, "Kesho, mama, kesho kabisa!" Mkono wake ni mzuri. Ulimi wake ni mzuri zaidi.

Kibubu chetu wenyewe kilikaa juu ya kabati la chumbani. Binti yetu alikuwa anaanza mwaka wake wa mwisho wa shule, na tangu mdogo wimbo wake ni mmoja, unesi. Ada ya mwanzo ya chuo cha unesi inalipwa yote kwa mkupuo kabla masomo hayajaanza. Ukichelewa, nafasi anapewa mwingine na wewe unabaki na barua yako. Kwa hiyo tulikaa mimi na baba yake tukakubaliana: kila Jumamosi, tukishatoa hela ya mbao na ya chakula, kila mmoja anatumbukiza kiasi kile kile. Yeye chake, mimi changu. Jibu la chuo lilipokuja kwamba amekubaliwa, tukaanza kumwita Nesi kabla hata hajashika sindano.

Siku moja katikati ya mwaka nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati, nikakiinua kibubu. Kilikuwa chepesi. Nikakigeuza chini juu nikakitazama kitako.

Sasa elewa. Vibubu vyote navipaka mimi. Juu na ubavuni naweka mikono mitatu ya vanishi. Chini naweka mkono mmoja, tena mwembamba, maana vanishi ni ghali na kitako hakipokei wageni. Kitako cha kibubu chetu kilikuwa kinang'aa. Alama za brashi zimekwenda kinyume na nyuzi za mbao, na kwenye pembe vanishi imeganda matone matone. Mimi sijaacha tone kwenye mbao tangu niijue kazi hii. Kuna mtu alikibandua kitako, akachukua, akakirudisha, halafu akakipaka ili kisijulikane kwamba kimeguswa. Angekiacha kikavu huenda nisingegundua kitu. Kilichomponza ni kutaka kuficha vizuri.

Mke mwenye akili zake angemuuliza mumewe siku ile ile. Nalijua hilo, wala sihitaji kuambiwa. Lakini hasira zangu mimi hazina papara. Nazitunza, nazilisha, mpaka zinenepe. Nikakirudisha kibubu mahali pake, nikamwandalia chakula, nikamwangalia anavyokula na kuchekesha watu, nikasema moyoni: mwaka utaisha, bwana wee. Tutakifungua mbele ya mama yako, na utaumbuka.

Jumamosi iliyofuata alitumbukiza hela yake kama kawaida, akasimama pembeni anapiga mluzi. Ilipofika zamu yangu nilimpa mgongo. Msasa ukishachakaa hulegea. Ukiukata na kuukunja mara nne hauna tofauti na noti iliyozunguka sana mikononi mwa watu. Nikautumbukiza. Ukadondoka ndani kwa kishindo kidogo cha hela halali, naye akasema, "Mungu akuzidishie, Mama Nesi." Nikaitikia amina.

Nilijiambia nalinda hela yangu isiliwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshapiga hesabu nyingine. Siku ya kufungua, misasa ikitoka, nani ataulizwa? Si yule aliyebandua kitako? Watasema alitoa noti akajaza misasa ili uzito usipungue, na msasa karakana nzima umejaa. Hela yake itakosekana, yangu itakosekana, na lawama zote zitakwenda mlango mmoja. Wazo hilo liliponijia mara ya kwanza niliona aibu. Liliporudi mara ya pili sikuona.

Hela yangu ya kila Jumamosi nikawa naiweka kwenye simu. Nia ilikuwa ikae, mwisho wa mwaka niitoe kifua mbele, niwe mkombozi wa mtoto. Haikukaa. Mara viatu, mara nimemkopesha rafiki yangu mmoja ambaye mpaka leo akiniona anavuka barabara. Mwisho nikanunua simu, ya kioo kikubwa, yenye sauti ya kusikika kona tatu. Nyumbani nikasema dada yangu amenipa ya kwake baada ya kununua mpya.

Nesi aliishika akaigeuzageuza. "Mama, mbona bado ina nailoni?"

"Mama yako mdogo anatunza vitu," nikamwambia. "Siyo kama wewe."

Mwaka ulipokaribia kwisha, asubuhi moja niliingia karakana nikakuta mashine ya kuranda haipo. Mashine ile aliipigania miaka mingi. Aliifuta mafuta kila jioni na kuifunika shuka. Aliipenda kuliko mimi, na simlaumu sana, maana mashine haimjibu mtu. Nikamuuliza iko wapi.

"Imeungua ndani. Iko kwa fundi umeme."

"Inarudi lini?"

"Kesho," akasema, lakini safari hii hakutabasamu. Akachukua randa ya mkono akaanza kusukuma ubao, jasho linamtoka.

Nikajua tayari, ameiuza na ameila. Nikapiga simu kwa mama yake nikamwalika aje Jumamosi ya mwisho ya mwaka kushuhudia kibubu cha mjukuu wake kikifunguliwa, aje na shemeji yangu mkubwa. Mama mkwe alifurahi mpaka akanibariki. Mume wangu nilipomweleza kwamba nimewaita, akasema, "Umefanya vizuri. Waje."

Wakaja. Mama mkwe tulimpa kiti kikubwa. Shemeji tunamwita Keshia kwa sababu alikaa miaka kwenye dirisha la malipo la chama cha ushirika, na hata sasa hawezi kuona karatasi mbili pamoja asilambe kidole. Nesi alileta chai. Kibubu kilikuwa katikati ya mkeka, na patasi na nyundo pembeni yake.

"Kabla hakijafunguliwa nina neno," nikasema.

"Sema, mwanangu," akasema mama mkwe.

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yale miezi kadhaa, nikiwa napiga msasa, nikiwa nafua, mpaka nikiwa naswali. Nikasimama. Nikakishika kibubu nikakigeuza kitako juu. "Mama, na wewe shemeji, kazi yangu mnaijua. Chini hapa nilipaka mkono mmoja tu. Tazameni wenyewe panavyong'aa. Kuna mtu alifungua, akachukua ada ya mtoto, akafunga, akapaka juu yake. Na ndani ya nyumba hii wenye kujua kubandua ubao hawafiki wawili."

Nilipokuwa nasema hivyo nikainusa. Tina. Tina ya kuchanganyia vanishi, mbichi, siyo ya miezi. Nikatazama vizuri na nikaona kwamba yale matone ya pembeni hayapo tena. Kitako kilikuwa kimepigwa msasa upya na kupakwa upya, safari hii brashi ikifuata nyuzi za mbao, kazi safi kabisa, kama ninavyofanya mimi. Alikuwa amekifungua tena. Amekifungua juzijuzi, na ndani aliona kilichomo. Nikakiweka kibubu chini.

Mama mkwe alikuwa amemgeukia mwanawe. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Nilingoja hadithi. Huyu ni mtu anayeweza kumfanya mteja aliyekuja kugomba aondoke ameagiza na meza juu yake. Hakuleta hadithi yoyote.

"Alikuja mtu na gari la mbao," akasema. "Mninga, bei ya kutupa. Nikaona nikinunua nitazalisha, nirudishe kabla hakijajaa. Juu ya gari ulikuwa mninga kweli. Chini yake yalikuwa mabanzi mabichi, yamepinda, mengine yameoza. Mimi, seremala! Sikukagua. Nikaona haya kumwambia mtu."

Mbao zile nilizijua. Zimelundikwa nyuma ya karakana mpaka leo, na alituambia ni za mteja aliyesafiri.

Mama mkwe alimtolea uvivu. Alimkumbusha mkaa aliouza ili yeye asome ufundi. Alimkumbusha marehemu baba yake, ambaye hakugusa cha mtu. "Ada ya mtoto wako wa kumzaa! Unabandua usiku kama panya! Ungekuwa mdogo ningekuchapa hapa hapa mbele ya mkeo!" Shemeji naye akatia yake, kwamba kule kwenye dirisha lake aliwaona wezi wengi, lakini wa kujiibia mwenyewe huyu ndiye wa kwanza. Mume wangu alisimama ameinamisha kichwa, mikono nyuma, mvi zake zimejaa vumbi la mbao. Nesi alikuwa mlangoni na sinia, analia bila sauti. Saa hii niliingoja nusu mwaka. Ilipofika haikuwa na utamu wowote, na mimi nilikuwa nimebanwa na kitu kimoja tu: kilicho ndani ya sanduku lile.

"Fungua," mama mkwe akasema. "Tuone ulichotubakizia."

Akapiga magoti, akaingiza patasi kwenye pembe, akagonga. Kitako kikaachia. Zikamwagika noti juu ya mkeka, nyingi, nyingine zimefungwa kwa mipira. Mimi nilikuwa natafuta rangi ya kahawia ya msasa. Nilitafuta kwa macho, nikatafuta kwa mkono nikijifanya nazikusanya. Hapakuwa na kipande hata kimoja.

Shemeji alilamba kidole, akahesabu, akapanga, akahesabu tena. Akavua miwani. "Imetimia."

"Imetimia vipi?" mama mkwe akauliza. "Si ameiba?"

"Ada yote hii hapa. Sehemu yake na sehemu ya shemeji."

"Nimerudisha, mama," akasema mume wangu. "Mashine niliiuza."

"Na ya mkeo? Ya mkeo nayo uliigusa?"

Alikuwa ameinama anaokota misumari. Hakuniangalia. "Ya mke wangu ilikuwemo yote. Hajakosa Jumamosi hata moja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na simu yangu, iliyokuwa kifuani, kwenye sidiria, imenilalia nzito. Ulimi ulikuwa wangu, na watu wote niliowaita mwenyewe walikuwa pale wananisikiliza. Ningesema maneno matatu tu. Badala yake nikainama nikaokota misumari pamoja naye.

Mama mkwe alininyanyua akanikumbatia. "Mwanangu, nyumba hii imesimama kwa ajili yako." Kisha akamuuliza mwanawe kama kibubu cha mwakani ameshakitengeneza. Alikuwa amekitengeneza, na hiki alikiwekea mlango na kufuli. Akakileta. Mama mkwe akachukua ufunguo kutoka mkononi mwake akautia kwenye kiganja changu na kukifumba. "Mikono ya mkeo imejaa vanishi," akamwambia, "lakini ni safi. Kuanzia leo ufunguo ni wake."

Nikaupokea. Nesi akaja akaniegemea begani akasema, "Asante, mama." Hilo nalo nikalipokea.

Jumatatu baba na mtoto walikwenda kulipa ada mapema. Mimi nilitangulia karakana. Pale palipokuwa na mashine palibaki matundu ya boliti kwenye sakafu na alama ya mafuta. Kwenye meza yangu ya kazi, chini ya kibanzi cha mbao, nikakuta misasa yangu. Yote. Ameikunjua, ameinyoosha, ameipanga kwa ukubwa.

Aliporudi alivua shati la kutokea, akashika randa ya mkono. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

"Hiyo bado ina meno kidogo," akasema, huku anafunga ubao kwenye jiliwa. "Itafaa kwa miguu ya viti."

Ningefurahi angenitukana. Matusi ninayo ya kwangu, mengi, na huwa sikosi la kujibu.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Aliyeanza kufungua ni mimi."

"Ulijua lawama zingekuangukia wewe. Uliona nilichokuwa nakifanya."

Alisukuma randa, ukatoka utepe mrefu wa mbao, akaupuliza. "Mimi mama amenizoea," akasema. "Wewe asingekuzoea."

Simu ikalia. Kioo kikubwa kikawaka na kuandika Mama Mkwe. Sauti yake ni ile aliyonisifia muuzaji. Karakana nzima ikasikia bila mimi kugusa kitu zaidi ya kupokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ada imelipwa?"

"Imelipwa, mama. Leo asubuhi."

"Sifa kwa Mungu. Na ufunguo?"

"Uko salama."

"Usimpe huyo! Hata akulilie, usimpe. Mimi huku nimewasimulia majirani wote, nimewaambia mwanangu ni mwizi, mkwe wangu ndiye mwanamume wa nyumba ile. Wamecheka mpaka basi. Na kaka yake amesema akikutana na jamaa zake wa ufundi atawaeleza, wajue wanafanya kazi na nani."

Randa haikusimama. Ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, naye hakuinua kichwa. Fundi wa karakana ya pili alikuwa amechungulia mlangoni kuazima gundi. Akageuka akaondoka bila kuazima.

"Haya, mwanangu. Nisalimie Nesi wangu. Nakata."

"Mama," nikasema. "Usikate."

Randa ikasimama. Alinigeukia, akatikisa kichwa taratibu, mara moja, nisiseme. Nikampa mgongo, kama nilivyompa kila Jumamosi, nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, hii simu ninayoongelea," nikaanza.